Sikukuu ya somo na Babu Kuni: gumzo la wazazi wa shule yetu, Mafinga

Jumamosi, 24 Mei 2025

Katibu wa Wazazi, saa 1:10 asubuhi
Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu wazazi na walezi, nawasalimu wote, pamoja na wenzetu wasio Wakatoliki ambao watoto wao ni watoto wetu. Nakumbusha kwamba sikukuu ya somo wa shule yetu, Mtakatifu Kizito, itaangukia Jumanne tarehe 3 Juni, siku ambayo Kanisa linawakumbuka Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda. Misa itaanza saa 3 asubuhi hapo shuleni, Paroko ameshathibitisha, na baada ya Misa watoto watakula pamoja. Mchango ni shilingi 5,000 kwa kila mtoto, kama mwaka jana. Naomba leo tukubaliane juu ya turubai, muziki na vinywaji ili kamati ianze kazi Jumatatu.

Mama wa Darasa la Nne, saa 1:15 asubuhi
Milele amina. Naunga mkono. Turubai ni lazima, maana upepo wa Juni tunaufahamu.

Mwalimu wa Utoto Mtakatifu, saa 1:34 asubuhi
Milele amina. Katibu, niwie radhi, kabla hatujafika kwenye turubai naomba nifikishe ombi la watoto. Juzi Alhamisi tulifungua sanduku la majitoleo la Utoto Mtakatifu, tukahesabu shilingi 61,350, nyingi zikiwa sarafu za mia na mia mbili. Nikawaeleza, kama ninavyowaeleza kila mwaka, kwamba shirika hili lilianzishwa mwaka 1843 huko Ufaransa na Askofu Charles de Forbin-Janson ili watoto wawasaidie watoto, kisha nikawauliza mwaka huu tumsaidie nani. Nilitegemea watataja kituo cha yatima. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, Babu Kuni siku hizi anakula nini?" Sikuwa na jibu. Wenzake wakaanza kuuliza yuko wapi, anaumwa, alikosa nini. Wameomba fedha hizo apewe yeye siku ya somo. Ninawaletea ombi hilo kama lilivyotoka vinywani mwao.

Mama Mapacha, saa 1:58 asubuhi
Mwalimu, ahsante. Nilikuwa nalibeba jambo hili moyoni tangu Januari, nikaona haya kulisema, kwa kuwa mimi ni mzazi mgeni hapa.

Wanangu wako darasa la kwanza. Kwa sababu ya kazi yangu ya stendi nalazimika kuwaacha shuleni saa 12:15 asubuhi, kabla ya mwalimu yeyote kufika, na mwaka jana walipokuwa awali aliyewapokea kila siku alikuwa yule mzee. Wengi wenu mlimjua kama mpasua kuni tu. Mimi nilimwona akifanya kazi yake. Alikuwa na kabari mbili za chuma na shoka ambalo mpini wake uling'aa kwa kushikwa, na kuni alizipanga kwa aina: miwati peke yake, mikaratusi peke yake, misindano pembeni, akisema kwamba msindano unaanza kwa mbwembwe na kuacha masizi, lakini muwati ndio unaoivisha makande. Alikuwa akikoka moto saa 11 alfajiri. Uji ukishaanza kuchemka, alichota makaa yaliyoiva akayaweka kwenye karai kuukuu, akalitoa nje karibu na ukuta, akachora duara kwa kijiti chini. Mtoto haruhusiwi kuvuka ule mstari. Wanasimama nje ya duara, wananyoosha mikono, na yeye anasimama katikati yao na karai kwa fimbo yake mpaka kengele ya kwanza.

Mwezi Januari jiko la gesi lilipofungwa nilifurahi, maana wapishi walikuwa wakikohoa na macho yao yalikuwa mekundu kila wakati. Jumatatu iliyofuata hapakuwa na moshi, hapakuwa na karai, na mzee naye hakuwepo. Wiki iliyopita nilirudi kwa haraka kuchukua mwavuli niliousahau, nikawakuta wanangu wamesimama pale pale ukutani wameficha mikono kwapani, na mstari wenyewe ulishafutika zamani.

Baba wa Darasa la Pili, saa 2:20 asubuhi
Asalaam aleikum na habari za asubuhi. Mimi ni Mwislamu, na nilimleta mwanangu hapa kwa sababu ya malezi niliyoyaona, kwa hiyo naona nina haki na wajibu wa kusema.

Kwanza, tusiilaumu gesi. Serikali imekataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku kupikia kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Sisi tunaoishi kando ya msitu wa Sao Hill tunajua lori moja la kuni lina miti mingapi. Shule ilifanya lililo sahihi.

Pili, mimi nafanya kazi ya utumishi katika shamba la chai, na jambo hili kwangu linaanzia kwenye haki kabla ya kufika kwenye sadaka. Naomba kuuliza kwa heshima: mzee alifanya kazi miaka mingapi, alikuwa na mkataba, na aliondoka na nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28, na mwajiri akimwachisha kazi amlipe kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka aliotimiza, kwa miaka isiyozidi kumi. Itakuwa vibaya sarafu za watoto zikalipa deni la watu wazima.

Katibu wa Wazazi, saa 2:26 asubuhi
Ndugu yangu, swali lako ni zito. Ninaliacha kwa Sista mwenyewe.

Sista Mwalimu Mkuu, saa 3:41 asubuhi
Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa wazazi, nimesoma yote, nimekwenda kanisani, nimerudi, na sasa ninajibu.

Mzee alifanya kazi hapa kwa miaka 19. Alianza kama kibarua wa siku, baadaye akalipwa kwa mwezi, lakini hakuna aliyewahi kumwandikia mkataba, na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii haikukatwa hata mwezi mmoja. Niliikuta hali hiyo nilipohamishiwa hapa miaka minne iliyopita, nikaiacha iendelee. Gesi ilifungwa siku ya Ijumaa. Jumatatu nilimwita ofisini, nikampa bahasha yenye mshahara wa miezi miwili, nikamshukuru kwa utumishi wake. Hakubishana. Alitoa ufunguo wa banda la kuni mfukoni, akaupangusa kwa koti lake, akauweka juu ya meza yangu. Niliona nimetenda kwa ukarimu, na sikumuuliza kesho yake itakuwaje. Baba wa Darasa la Pili, kwa hesabu uliyoitoa miezi miwili haifiki hata kwenye kiwango cha chini cha sheria. Ninaomba radhi kwake na kwenu.

Leo hii, tarehe 24 Mei, inatimia miaka kumi tangu Baba Mtakatifu Fransisko, tuliyempoteza mwezi uliopita, atie saini waraka wake Laudato si', ambao unatutaka tusikie kilio cha dunia na kilio cha maskini kwa pamoja. Mimi nilisikia cha kwanza. Niliwafundisha walimu juu ya miti na moshi, na mlangoni pangu aliyepoteza riziki kwa ajili ya miti hiyo sikumsikia, kwa kuwa hakupiga kelele. Wiki mbili zilizopita Papa Leo wa Kumi na Nne alieleza kwamba alichagua jina hilo kwa kumkumbuka hasa Leo wa Kumi na Tatu, ambaye mwaka 1891 aliandika juu ya haki ya mfanyakazi. Niliwasomea walimu maneno hayo kwenye kikao cha asubuhi, na hata wakati huo sikumfikiria mzee wetu.

Jumatatu nitapeleka jambo hili kwenye Bodi ya Shule: notisi na kiinua mgongo vilipwe na shule, kamili, bila kugusa michango yenu wala sanduku la watoto. Hilo ni letu.

Baba wa Darasa la Pili, saa 3:50 asubuhi
Sista, nakushukuru kwa kusema wazi. Nitakuja Jumatatu saa 2 asubuhi nikusaidie kuandika hesabu, bila malipo. Kwa kiwango hicho cha sheria, miaka 19 yake inahesabiwa kumi, yaani siku 70. Ni kidogo, lakini sheria ni sakafu, na Bodi haijakatazwa kupanda juu yake.

Mama wa Darasa la Nne, saa 4:05 asubuhi
Basi mimi naondoa hoja ya muziki wa kukodi. Ngoma za kwaya ya watoto zipo. Turubai ibaki. Fedha ya muziki na soda tumpelekee mzee mchele, mafuta na blanketi, na tumlipie bima ya CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo mwaka huu wa 2025 ni shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima.

Bibi wa Kinyanambo, saa 4:30 asubuhi
Kamwene, wanangu. Mjukuu ananiandikia haya, mimi nasema.

Bima mlipieni, ugonjwa hauna hodi. Lakini mchele na blanketi msimpelekee kwa msafara na kamera kama mnakwenda msibani. Yule tumepakana mashamba kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanaume aliyeamka saa 10 usiku miaka yote hiyo, leo anaamka saa ile ile, anakaa kizingitini na shoka lake, hana cha kupasua. Nimemwona nikitoka kwenda kukamua. Mwezi wa tatu jirani mmoja alimpelekea debe la mahindi, akalipokea kwa adabu, na jioni yake akaenda kumpalilia huyo jirani shamba la maharage mpaka giza likaingia. Ndivyo alivyo. Mkimpa kitu, atakilipa kwa mgongo wake. Mpeni kazi.

Katibu wa Wazazi, saa 4:38 asubuhi
Bibi, tumekusikia. Swali ni kazi gani, maana kuni hazirudi.

Mwalimu wa Utoto Mtakatifu, saa 4:52 asubuhi
Naomba nipendekeze. Banda la kuni liko wazi tangu Januari, lina paa zima, na nyuma yake kuna bomba la maji. Mzee anajua miti kuliko yeyote kati yetu. Tungeweza kuanzisha kitalu cha shule: miti ya asili kwa ajili ya chanzo cha maji kilicho bondeni, na parachichi kwa ajili ya mapato, kwa kuwa soko lake hapa nyanda za juu tunaliona wote. Mbegu za kienyeji zinaoteshwa kwanza, mche ukifikia unene wa penseli unabebeshwa aina ya Hass. Nimeshamwona akibebesha miche nyumbani kwa watu kwa kisu cha kawaida na utepe wa nailoni. Watoto wangejifunza kwake, na zile shilingi 61,350 zingenunua viriba na mbolea, kwa hiyo bado ingekuwa zawadi yao kwake.

Baba wa Darasa la Pili, saa 4:58 asubuhi
Kwa mkataba wa maandishi, na michango ikatwe kuanzia mwezi wa kwanza. Bila hivyo nitapinga.

Sista Mwalimu Mkuu, saa 5:03 asubuhi
Kwa mkataba wa maandishi. Naahidi hapa mbele yenu wote.

Mama Mapacha, saa 5:10 asubuhi
Na asubuhi, Sista? Samahani kama nang'ang'ania. Jiko la gesi halitoi makaa.

Sista Mwalimu Mkuu, saa 5:21 asubuhi
Huna sababu ya kuomba samahani, mama. Kuanzia Jumatatu bwalo litafunguliwa saa 12 asubuhi, na uji wa wanaowahi utapikwa kwanza. Nitafungua mwenyewe mpaka tupate mtu wa kufungua.

Katibu wa Wazazi, saa 5:40 asubuhi
Basi kamati isikodi muziki wala kununua soda. Mchango ubaki shilingi 5,000. Naomba kuongeza neno moja, maana katika kutafuta historia ya siku hii nilisoma upya juu ya somo wetu. Kizito alikuwa na umri wa miaka kama 14, na alikuwa mtumishi katika ikulu ya Kabaka, mmoja wa vijana wa kutumwa huku na kule. Mwaka 1964, Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, mtumishi huyo alikuwa miongoni mwao. Ningependa Paroko awaeleze watoto jambo hilo, mzee akiwa amekaa mbele. Bibi, unaweza kutusaidia kufika kwake?

Bibi wa Kinyanambo, saa 5:44 asubuhi
Nitakwenda leo jioni na Sista. Sista, uje kwa miguu, gari liache barabarani.

Bibi wa Kinyanambo, saa 1:25 usiku
Tumerudi. Sista yeye anafunga nyumba ya kuku, kaniambia niwaeleze.

Tulimkuta anachambua maharage. Sista alimsalimia, akapiga goti, akasema aliyoyasema, na hayo ni yao wawili. Mzee alikaa kimya kitambo, kisha akauliza kama banda linavuja upande wa magharibi, kwa sababu bati la pale alilishikilia kwa jiwe. Sista hakujua. Akasema atakuja Jumatatu alitazame kabla ya mambo ya karatasi. Ya kukaa mbele kwenye Misa hataki, yeye ni Mlutheri na amezoea viti vya nyuma, lakini Misani atakuja. Fedha za watoto amekubali zinunue viriba. Udongo ameomba usinunuliwe: kila mtoto abebe kopo moja la udongo mweusi wa chini ya miti, kutoka kwao.

Halafu aliuliza darasa la kwanza wako wangapi mwaka huu.

Sista Mwalimu Mkuu, saa 1:31 usiku
Ni 43. Nilimwambia tulipokuwa tunaagana.

Bibi wa Kinyanambo, saa 1:33 usiku
Ndiyo. Akasema ataotesha sitini, maana sakitu ya Juni na Julai lazima itachukua baadhi, na hataki mtoto hata mmoja akose mche wake.