Saa inasoma mapigo 176 kwenye mbio za taratibu: tatizo ni moyo au saa?

Kiatu_Chepesi
Wakuu, naombeni ufafanuzi. Umri 41, mapigo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani ni 62. Mbio ni za taratibu, dakika 45, mara tatu kwa wiki. Saa ya mkononi, hizi zenye taa za kijani kwa chini, inaonyesha mambo mawili. La kwanza: dakika ya tatu au ya nne mapigo yanaruka ghafla kutoka 128 hadi 176, yanakaa hapo kama dakika sita, kisha yanarudi yenyewe 138 bila mwendo kubadilika. La pili: kuanzia dakika ya 25 yanapanda kidogo kidogo, 140, 146, hadi 155 mwishoni. Muda wote naongea sentensi nzima bila shida. Saa inadai kiwango changu cha mwisho, yaani mapigo ya juu kabisa ambayo moyo unaweza kufika, ni 179. Nipunguze mwendo au niende hospitali?

Tuliza_Mpira
Kanuni ni 220 toa umri: 220 toa 41 ni 179. Wewe uko 176, yaani asilimia 98. Acha kukimbia kabisa, moyo si injini ya trekta.

Sensa_na_Waya
Mkuu hapo juu umemtisha mwenzio bure. Mtu aliyefika asilimia 98 hatoi sentensi nzima, hata jina lake analitamka kwa kukata pumzi. Kabla ya kuuliza moyo una nini, uliza kwanza kama hiyo 176 ni mapigo.

Taa ya kijani haipimi moyo. Inapima jinsi damu iliyo chini ya ngozi inavyomeza mwanga, na kila pigo linabadilisha kiasi hicho kidogo. Mkono unapopunga, damu inatikisika kwa kila hatua, na mtikisiko huo unaweza kuwa mkubwa kuliko alama ya pigo lenyewe. Saa inashika hatua ikidhani imeshika moyo. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 160 hadi 180 kwa dakika, kwa hiyo 176 ni namba ya kutiliwa shaka tangu mwanzo. Fungua programu ya simu, weka mstari wa mapigo juu ya mstari wa hatua. Ikiwa imelaliana kwa zile dakika sita, jibu umeshapata.

Ithibitishe kwa vidole. Ukiona 176, simama, weka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu kwa sekunde 10, zidisha kwa 6. Anza ndani ya sekunde tano baada ya kusimama, maana mapigo hushuka haraka. Kama ni 176 kweli utahesabu 29. Ukipata 22 au 23, moyo ulikuwa kwenye 130 na kitu. Ukitumia shingo, gusa taratibu na upande mmoja tu; ukibana sana, mapigo yanapungua yenyewe na unaweza kupata kizunguzungu.

Marekebisho: vaa saa upana wa vidole viwili juu ya mfupa uliochomoza kwenye kifundo, kaza kiasi kwamba haitelezi ukitikisa mkono, futa kioo cha chini. Pasha mwili joto dakika 10 kwanza, kwa sababu mkono wa baridi una damu kidogo kwenye ngozi na saa haina cha kusoma. Ndiyo maana kosa lako linatokea dakika za mwanzo. Mchoro wa tatuu nao huziba mwanga.

Ukitaka kumaliza ubishi, tumia mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe. Nao una vituko vyake: ukiuvaa mkavu, dakika za mwanzo unaweza kuonyesha hata 220 mpaka jasho litoke. Lowesha zile sehemu mbili za kugusa ngozi kwa maji. Fulana ya nailoni inayopeperuka huzalisha umeme tuli na kuleta miruko ya aina hiyo hiyo.

Hesabu_ya_Pigo
Niongezee kwenye hiyo 179. Ni wastani wa watu wa umri huo, si wako. Takriban watu wawili kati ya watatu wako ndani ya mapigo 10 juu au chini yake, waliobaki wako mbali zaidi. Mwenye miaka 41 kufika 190 si ugonjwa. Ipo kanuni nyingine, 208 toa umri mara 0.7, lakini kwako haisaidii: kanuni hizo mbili zinakutana kwenye miaka 40, zote zinatoa 180.

Kwa mazoezi, tumia akiba ya mapigo. Chukua kiwango cha mwisho ulichopima kweli, toa mapigo ya kupumzika. Tuseme ni 188: toa 62, inabaki 126. Asilimia 60 ya 126 ni 76, rudishia 62, unapata 138. Asilimia 70 inakupa 150. Kwa hiyo 140 yako inaweza kuwa mwendo mwepesi kabisa, wakati saa iliyokadiria kwa umri inakupigia kengele. Badilisha namba hiyo kwenye mipangilio. Kukitafuta kiwango cha mwisho kwa kupanda mlima mbio ni kazi ya mwenye afya iliyothibitika. Mwenye presha, kisukari au ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana akapimiwe hospitali.

Anayemeza dawa za presha za kundi la beta bloka asitumie kanuni yoyote kati ya hizi. Dawa hiyo inazuia mapigo kupanda.

Jasho_Jingi
Ule mpando wa 140 hadi 155 ni wa kweli, na ni wa kawaida. Mwili ukipata joto, damu inapelekwa kwenye ngozi ili upoe, na jasho linapunguza maji ya damu. Kila pigo linasukuma kidogo kuliko mwanzo, moyo unafidia kwa kuongeza idadi. Kwa mfano pigo likiwa na mililita 100, mapigo 140 yanatoa lita 14. Likishuka hadi mililita 92, unahitaji 152 kutoa lita zile zile.

Jipime uzito kabla na baada. Kila kilo iliyopotea ni karibu lita moja ya maji. Siku ya joto fuata mapigo, achana na mwendo.

Kiatu_Chepesi
Mistari ya hatua na mapigo imelaliana kabisa! Swali dogo: vidonge vya mafua vya kuzibua pua vinahusika?

Zamu_ya_Usiku
Vinahusika, hasa vyenye pseudoefedrini. Vinaongeza mapigo na presha. Ukiwa na homa usikimbie kabisa. Kahawa nyingi, pampu ya pumu, upungufu wa damu na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi navyo hupandisha. Ikiwa mapigo ya asubuhi yamezidi kawaida yako kwa 10 siku kadhaa mfululizo, kapime himoglobini na homoni ya tezi.

Hatari huwa na sura nyingine. Mapigo yanaruka kama swichi imewashwa, vidole vinathibitisha, umesimama dakika kumi na bado ni 180, kisha yanakatika ghafla. Au yanakwenda bila mpangilio. Kapimwe umeme wa moyo, na kama tukio limeshapita, omba kile kifaa cha kuvaa saa 24. Maumivu ya kifua au kuzimia katikati ya mbio: hospitali siku hiyo hiyo, na viatu viwekwe kando mpaka daktari aruhusu.