Sheria ya Marekani inahesabu maombi ya mfungwa badala ya kuyasikiliza

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Nimechoka kusikia Marekani ikisifiwa kuwa nchi ambayo mfungwa yeyote anaweza kuibana serikali hadi Mahakama ya Juu, ilhali sheria yao wenyewe inampa mfungwa huyo nafasi moja tu ya kulalamika, na akishaitumia, vizuri au vibaya, karibu kila njia nyingine inazibwa.

Nazungumzia ombi la habeas corpus, yaani ombi la mtu aliyezuiliwa la kutaka anayemshikilia aeleze mbele ya jaji anamshikilia kwa haki gani. Wenzetu Wakenya wanalifahamu, kwa kuwa ibara ya 25 ya Katiba yao ya 2010 inaliweka miongoni mwa haki zisizoweza kuwekewa mipaka. Katiba ya Marekani nayo inakataza haki hiyo kusimamishwa, isipokuwa wakati wa uasi au uvamizi. Hata hivyo, mwezi Aprili 1996, mwaka mmoja baada ya bomu la Oklahoma City lililoua watu 168, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyonadiwa kuwa ya kupambana na ugaidi, na ndani yake mkapenyezwa vifungu vinavyombana kila mfungwa, hata yule ambaye kesi yake haina uhusiano wowote na ugaidi.

Tazameni utaratibu wenyewe. Tangu hukumu inapokuwa ya mwisho, mfungwa ana mwaka mmoja wa kuwasilisha ombi lake la kwanza, na mara nyingi analiandika peke yake gerezani, kwa sababu nje ya kesi za hukumu ya kifo hana haki ya kupewa wakili katika hatua hiyo. Hoja ambayo hakuijua wakati huo ndiyo imempotea. Ombi la pili haliendi moja kwa moja kwa jaji: kwanza anaomba kibali kwa jopo la majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa, na ili akipate lazima aoneshe ama kanuni mpya ya kikatiba ambayo Mahakama ya Juu yenyewe imeamua kwamba inahusu pia kesi za zamani, ama ushahidi mpya wenye nguvu kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angemtia hatiani. Jopo likimkatalia mfungwa wa jimbo, sheria inasema uamuzi huo haukatiwi rufaa wala hauombewi mapitio. Mahakama ya Juu iliubariki mpango huu mwezi Juni 1996, katika kesi ya Felker dhidi ya Turpin, miezi miwili tu baada ya sheria kusainiwa. Kwa jambo la haraka, kumbe wanaweza!

Kilichonifanya nishindwe kunyamaza ni kesi ya Jones dhidi ya Hendrix, iliyoamuliwa Juni 2023. Marcus Jones alitiwa hatiani mwaka 2000 kwa kumiliki silaha akiwa mtu aliyewahi kupatikana na kosa kubwa la jinai, na akafungwa zaidi ya miaka 27. Alijitetea kwamba aliamini rekodi yake ilikuwa imefutwa, lakini utetezi huo haukumsaidia, kwa sababu wakati ule mahakama zilishikilia kwamba serikali haina wajibu wa kuthibitisha kuwa mshitakiwa alijua kwamba yumo katika kundi la watu wasioruhusiwa kumiliki silaha. Mwaka 2019, katika kesi ya Rehaif, Mahakama ya Juu ikasema kinyume: serikali lazima ithibitishe hivyo. Bunge halikubadilisha neno hata moja katika jambo hili. Majaji ndio waliokuwa wameisoma sheria vibaya kwa miaka mingi.

Jones akarudi mahakamani. Akaambiwa kwamba ombi lake la kwanza, ambalo kwa sehemu lilifanikiwa na hivyo halikuwa la kipuuzi, alishalitumia. Na kwamba uamuzi wa Rehaif umefafanua sheria ya kawaida, haukuweka kanuni mpya ya kikatiba, na wala si ushahidi mpya. Kwa kura sita dhidi ya tatu, akakataliwa. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuendelea kukaa gerezani kwa kitendo ambacho huenda hakikuwa kosa kwa mujibu wa sheria ileile iliyomfunga, na hakuna jaji anayeruhusiwa hata kuuliza.

Mwezi Juni 2025 ikaja zamu ya Danny Rivers wa Texas. Huyu alipata jalada lake kutoka kwa wakili wake wa zamani wakati rufaa ya ombi lake la kwanza ikiwa bado haijaamuliwa, akakuta nyaraka alizoona zingemsaidia, akawasilisha ombi jingine kwa msingi huo. Majaji wote tisa walisema hilo ni ombi la pili, basi masharti yaleyale yatumike. Uamuzi huo uliandikwa na Jaji Ketanji Brown Jackson, ambaye katika kesi ya Jones alikuwa miongoni mwa waliopinga. Ndipo nilipoona kwamba ubaya umo katika sheria yenyewe, na kubadilisha majaji pekee hakutoshi.

Najua watetezi watasema wafungwa hujaza mahakama kwa maombi yasiyo na msingi, na kwamba familia za waathirika zinastahili kuona kesi ikifika mwisho. Hoja ya pili naiheshimu. Ya kwanza ni kisingizio, kwa kuwa tayari mwaka 1991, katika kesi ya McCleskey dhidi ya Zant, mahakama zilikuwa na kanuni kali za kuyatupa maombi ya kurudiarudia bila sababu, tena kanuni ambazo zilimwachia jaji nafasi ya kumwokoa mtu anayeonekana kuonewa.

Bunge la Marekani linaweza kuanza na marekebisho mafupi: kila mara Mahakama ya Juu inapotamka kwamba kitendo fulani si kosa, aliyefungwa kwa kitendo hicho aruhusiwe kurudi kwa jaji, hata kama ameshawahi kuomba. Anayepinga hilo aandike hapa chini sababu zake, na asinijibu kwa habari za msongamano wa majalada.