Mihimili ya injini imeoza kwenye boti ya faiba: nimimine resini, nifunge chuma au nikate?

Mwana_Kibirizi
Wakuu, habari za jioni. Nina boti ya faiba ya mita 8, injini ya ndani, dizeli ya silinda 3. Inabeba watu na mizigo kutoka Kibirizi hadi Mwamgongo, Ziwa Tanganyika, na nyumba mbili zinakula kwa boti hiyo. Tangu mwezi uliopita injini inatikisika kuliko kawaida, na maji yanaingia kwenye glandi ya shafti (kizuizi cha maji pale shafti ya propela inapotoka nje) hata nikiikaza. Leo nimeshika bolti ya maunti ya nyuma kulia (mguu wa injini unaofungwa kwenye mhimili, yaani mbao iliyofunikwa faiba), ikatoka kwa vidole. Kwenye meno yake kuna unga mweusi uliolowa, unanuka dizeli na uozo.

Fundi wa kwanza anasema tutoboe matundu tumimine resini. Wa pili anataka kufunga chuma juu. Wa tatu anasema kata yote. Nifuate lipi?

Ujiji_Dizeli
Pole sana mkuu. Mimi nilifuata njia ya chuma. Engo nzito (vyuma vya pembe) pande zote mbili, bolti zikapita mhimili ubavu hadi ubavu. Kazi ya siku mbili, injini ikatulia, nikafurahi. Msimu mmoja wa kusi ukatosha kunionyesha kosa langu: uzito bado ulikuwa juu ya mbao iliyooza, na yale matundu mapya ya bolti yakawa milango mingine ya maji. Nilipokuja kukata, uozo ulikuwa umefika mbele. Kwenye mhimili mzima chuma kinasaidia kutawanya mzigo. Kwenye uliooza, usikifunge.

Fundi_Katonga
Kijana, kwanza ujue umeoza kiasi gani. Usihukumu kwa macho, ganda la faiba linaweza kung'aa na ndani ni tope. Chukua keekee yenye ncha ya milimita 5, toboa ubavuni kila baada ya sentimita 15, utazame unga unaotoka. Mweupe mkavu, mbao ni nzima. Mweusi au wenye maji, hapo pameoza. Matundu hayo utayaziba baadaye.

Chanzo karibu kila mara ni bolti za maunti. Zinatoboa faiba, maji ya chini ya injini yanashuka kwenye uzi, mbao inakunywa. Na ziwa letu ni maji baridi. Baharini chumvi huizuia kuvu kidogo, hapa hakuna cha kuizuia.

Kumimina resini kwenye mbao iliyolowa ni kupoteza pesa. Resini haishiki penye maji, itazunguka uozo na kuufungia ndani. Kumimina kunakubalika pale tu ulipochimba mbao yote mbovu, kuta za faiba zikabaki imara na kavu kama chombo. Hata hapo, mimina kwa tabaka. Ukijaza kwa mkupuo inachemka na kupasuka.

Mimi nakata. Lakini kabla injini haijanyanyuliwa, tengeneza kipimo cha mbao kinachoonyesha kimo cha maunti kutoka katikati ya shafti. Nimeona watu wakijenga mihimili mizuri, injini ikirudi haikutani na shafti. Ukishapima, kata kofia ya juu (faiba inayofunika mgongo wa mhimili) kwa grenda, chimba uozo wote, acha pakauke siku nyingi. Weka mbao mpya iliyopakwa resini ya epoksi pande zote. Resini ya poliesta ni rahisi kupatikana, ila haishiki vizuri kwenye mbao wala kwenye faiba iliyokwisha kukauka zamani. Kingo za faiba ya zamani uzisage kwa mteremko, mara 12 ya unene wake: faiba ya milimita 6, mteremko wa sentimita 7 hivi. Na vaa barakoa, vumbi lile linabaki kifuani.

Mbao_Tabora
Shikamoo mzee Fundi. Naongeza kwenye mbao, ndiyo kazi yangu. Mninga unafaa sana: hauozi upesi na hausinyai sana. Mvule nao ni mgumu, ila una mafuta yanayoisumbua gundi, lazima uufute kwa asetoni kabla ya kupaka. Paini usiweke. Jambo kubwa ni ukavu. Pima uzito wa ubao leo, pima tena baada ya wiki. Ukiwa unapungua, bado una maji. Na ukinunua huku kuleta Kigoma, hakikisha muuzaji ana kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) cha kusafirisha.

Mwana_Kibirizi
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimetoboa leo. Mhimili wa kushoto unga wote mweupe. Wa kulia mweusi kwa sentimita 60 kutoka nyuma, kisha mzima. Kwa hiyo nakata kulia, naweka mninga. Kushoto nifanyeje?

Fundi_Katonga
Marahaba. Kushoto usikate. Ng'oa bolti, tanua matundu, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa tena katikati yake. Bolti ipite kwenye epoksi, isiguse mbao kabisa. Kulia fanya vivyo hivyo.

Kaplingi (kiungo cha injini na shafti) usiipime boti ikiwa nchi kavu, mwili wa faiba hubadilika ukishuka majini. Iache ielee siku nzima, ndipo upime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Kwa kaplingi ya milimita 100, nafasi isitofautiane zaidi ya milimita 0.1 kuzunguka. Kile kipimo cha shafti umeshakitengeneza?

Mwana_Kibirizi
Nimekitengeneza asubuhi, mzee. Injini inanyanyuliwa kesho.