Naomba ushauri: kusomea uuguzi wa familia nikiwa Pate

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni muuguzi wa diploma, zahanati moja hapa kisiwani Pate, Lamu. Mgonjwa wa presha akizidiwa wakati maji ya Mkanda, mkondo wa bahari tunaopitia, yamekupwa, boti haipiti, na uamuzi unabaki kwangu. Ndiyo maana natamani sana kusomea uuguzi wa juu wa familia: kutambua ugonjwa na kuandika dawa kwa ujuzi kamili.

Nimeona kozi za mtandaoni za Marekani. Nyingi zinataka digrii na leseni ya huko, na viwango vyao vya 2022 vya kufundisha wauguzi wa ngazi hii vinadai angalau saa 750 za kuhudumia wagonjwa ana kwa ana. Hizo nitazipatia wapi? Nianze na digrii hapa Kenya? Na Baraza la Wauguzi litaitambua shahada ya nje? Mliopita njia hii, tafadhali nielekezeni.