Ekari 9 Karatu, tambarare na korongo: ninunue mashine gani ya kukatia nyasi ya kukalia?

NyasiKaratu

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na mashine za kukatia nyasi, zile za kupanda na kuendesha.

Eneo ni ekari 9, Karatu, mita kama 1,550 kutoka usawa wa bahari. Ekari 5 ni nyasi za kikuyu kuzunguka nyumba na vibanda vya wageni, tambarare kabisa. Ekari 2 ni parachichi za mita 7 kwa 7, ardhi ni sawa ila kila mti una kisahani cha kumwagilia. Ekari 2 za mwisho zinashuka kwenye korongo: visiki vya mgrevilea, vichuguu, mawe, na nyasi ambazo masika zinafika kiunoni. Sasa hivi kuna vijana wawili wenye mashine za kusukuma na za begani. Machi hadi Mei hawamalizi mzunguko kabla ya walikoanzia kurefuka tena.

Nina machaguo matatu mezani:
1. Mpya, ya usukani, upana wa inchi 42, hosipawa 18, giaboksi ya haidrostatiki (inayosukuma matairi kwa presha ya oili).
2. Mpya, ya mikono miwili isiyo na usukani, ile inayogeuka palepale, inchi 52, hosipawa 23.
3. Trekta dogo la mtumba kutoka Japani, dizeli, hosipawa 24, na fyekeo la nyuma la futi 4.

Namba 2 na 3 bei zinakaribiana, namba 1 iko chini. Muuzaji anasisitiza hosipawa tu. Nichague kwa kigezo hicho?

---

FundiVisu

Mkuu, hosipawa iweke mwisho. Injini za saizi hizo karibu zote zinaweza kuzungusha visu vyake. Kinachokufa mapema ni kile kinachosukuma matairi, na kinachoumiza watu ni mteremko. Anza na hivyo viwili.

Pima mteremko kabla hujalipa hata shilingi. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, laza ncha moja ardhini upande wa juu, nyanyua ncha ya chini mpaka pima maji ikae katikati, halafu pima kutoka ncha hiyo kwenda ardhini. Ukipata sentimita 18, hapo ni nyuzi 10. Ukipata 27, ni nyuzi 15. Mashine nyingi za usukani zinaishia nyuzi 15, na nyingi za mikono miwili kitabu chake kinakuambia usizidi 10. Pima sehemu kali kuliko zote, maana mashine inabinukia pale palipo pakali, hata kama kwingine ni laini.

Hiyo ya mikono miwili ina sababu yake. Magurudumu ya mbele ni ya kuzunguka ovyo kama ya toroli la dukani, hayaongozi chochote. Kukata kona na kusimama vyote viko kwenye tairi za nyuma. Tairi moja ikiteleza kwenye nyasi zenye umande, umepoteza usukani na breki kwa pamoja. Kwa hiyo korongoni isiguse. Hata ile ya usukani, mteremkoni panda na kushuka moja kwa moja, usikate kwa kuambaa. Mashine ya kusukuma kwa mkono ndiyo inayokata kwa kuambaa.

Sasa hesabu ya muda. Zidisha upana kwa mita mara kasi kwa kilomita kwa saa, mara 1,000, kisha toa asilimia 20 ya kona na kupishana mistari. Inchi 42 ni mita 1.07. Kwa kilomita 6 kwa saa unapata mita za mraba kama 5,100, yaani ekari 1 na robo kwa saa. Ekari zako 7 za juu zinakula saa 5 na nusu. Inchi 52 kwa kilomita 8 inakupa kama ekari 2 kwa saa, kazi inaisha kwa saa 3 na nusu. Kikuyu ya masika inataka kukatwa kila wiki, kwa hiyo swali ni kama hizo saa 2 za kila wiki zinastahili tofauti ya bei. Kwenye parachichi faida ya mikono miwili ni kubwa zaidi, kwa sababu inazunguka shina bila kurudi nyuma.

Kuhusu mwinuko: injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Karatu umeshapoteza kama asilimia 15, ile 18 inabaki 15 na kidogo. Bado inatosha. Ila kama ni ya kabureta, muulize muuzaji jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ya maeneo ya juu. Bila hiyo itakula mafuta mengi, itatoa moshi mweusi na plagi zitajaa masizi.

Giaboksi ndiyo swali ambalo muuzaji hapendi kuulizwa. Inama nyuma, usome kibandiko kwenye giaboksi yenyewe. Kwenye za usukani utakuta mara nyingi Tuff Torq K46. Ni ya kazi nyepesi: uwanja tambarare, bila kuvuta tela zito. K66 ni ya kazi nzito zaidi. Kwenye za mikono miwili, Hydro-Gear EZT ni ya nyumbani na haina filta ya nje, ZT-2800 na ZT-3100 zina filta ya kubadilisha. Hizi ndogo zikichoka zina dalili moja. Asubuhi mashine inapanda vizuri, baada ya nusu saa inaanza kusuasua kwenye kilima kilekile. Oili imepata moto, imekuwa nyepesi, inavuja ndani kwa ndani, presha haishiki. Pia angalia feni ndogo ya plastiki iliyo juu yake. Nyasi zikiijaza au mbawa zikikatika, giaboksi inapikwa.

---

TrektaMbulu

Nakubaliana na FundiVisu, naongeza upande wa korongo.

Hizo ekari 2 hazikatwi na namba 1 wala 2, mkuu. Visu vya mashine ya bustani vimefungwa moja kwa moja kwenye shafti. Kikigonga kisiki, shafti inapinda, na mara nyingi nyumba ya beringi inapasuka nayo. Fyekeo la trekta visu vyake vinaning'inia kwenye bolti, vikigonga vinarudi nyuma vyenyewe. Na lina bolti ya kukatika kwenye shafti ya PTO, ile ya trekta inayozungusha fyekeo. Hiyo bolti iwe laini, daraja 4.6. Wapo wanaoweka 8.8 kwa sababu laini "inakatika kila mara", halafu kinachokatika ni gia ya ndani.

Lakini usinunue trekta kwa ajili ya ekari 2 tu. Fyekeo linaacha nyasi zimelazwa vipandevipande na mistari ya tairi, wageni hawatapenda uwanja uliokatwa na namba 3. Eneo la korongo linahitaji kukatwa mara mbili au tatu kwa mwaka. Kodi trekta lenye fyekeo mwishoni mwa Mei na tena Januari baada ya vuli. Kabla halijaingia, vijana watembee na chokaa au vijiti virefu vyenye kitambaa, waweke alama kila kisiki na jiwe. Pale panapozidi nyuzi 15, paachie mashine za begani, au panda miti upaache.

Kwa hiyo mimi ningesema namba 2 kwa ekari 7, na kukodi kwa ekari 2. Kama bajeti inabana, namba 1, mradi usome kibandiko cha giaboksi na kikuridhishe.

---

NyasiKaratu

Asanteni sana, nimepima jioni hii. Tambarare haizidi sentimita 5 kwa mita, korongo kuna mahali 34. Kwa hiyo korongo nimelitoa kwenye hesabu. Naomba sasa kuhusu spea na vumbi. Kuanzia Julai hapa vumbi jekundu linaingia kila mahali, na duka la karibu la maana ni Arusha.

---

SpeaNaGrisi

Kaka, siku unayonunua mashine nunua na hivi: seti 2 za visu, mikanda 2 ya deki (lile bakuli la chuma linalobeba visu) na mmoja wa kuendeshea, filta 3 za hewa pamoja na sponji zake, filta 2 za oili, filta 4 za petroli, na shafti 1 kamili ya kisu na nyumba yake. Kama muuzaji hana hata mkanda wa deki stoo, jibu umeshalipata, tafuta aina nyingine.

Mkanda usidanganywe na duka la vifaa vya mashine za kusaga. Mkanda wa A wa kawaida unaweza kulingana urefu, lakini nyuzi zake zinanyooka, na mgongo wake haukutengenezwa kukanyagwa na puli za nyuma. Wa mashine ya nyasi una nyuzi za aramidi, ambazo hazivutiki ovyo. Ule wa kawaida unavutika, unateleza, unaungua, na unakuwa umelipa mara mbili.

Beringi ni habari njema. Shafti nyingi za visu zinatumia namba za kawaida kama 6203, 6204 au 6205. Soma namba iliyochongwa ubavuni, nunua yenye mwisho 2RS, maana yake imefunikwa mpira pande zote mbili. Duka lolote la beringi Arusha linazo.

Vumbi: sponji ya nje oshwa kila saa 25 kwenye hali ya kawaida, kiangazi chako osha kila siku ya kazi. Filta ya karatasi gonga taratibu kwenye kiganja, usiipulize na kompresa. Upepo mkali unatoboa vijitundu visivyoonekana na injini inaanza kula udongo. Ukifungua ukakuta vumbi upande wa ndani, upande safi, badilisha filta na kagua mpira wake kabla ya kuwasha tena. Oili ya kwanza mwaga baada ya saa 5 hadi 8, baada ya hapo fuata kitabu. Nyingi ni saa 50 au 100, na kwenye vumbi kata nusu.

Betri: pima kimo cha sehemu yake kabla ya kununua mbadala. Betri ndogo ya gari mara nyingi ni ndefu kuliko ya asili, kiti kikishuka vichwa vyake vinagusa chuma.

---

FundiVisu

Nimalizie na deki. Uliza unene wa chuma na kama imechomelewa au imepigwa moldi. Iliyopigwa moldi kutoka bati la milimita 2.3 hadi 2.7 inatosha uwanja safi. Kwa eneo lenye mawe tafuta iliyochomelewa, milimita 3 au zaidi.

Kikuyu ni nzito na inatambaa, kwa hiyo toa nyasi pembeni, masika usifunge kifuniko cha kusagia nyasi. Kifuniko kile kinajaza matope ya kijani chini ya deki, visu vinapungua kasi, nyasi zinachanwa badala ya kukatwa na ncha zinageuka kahawia kesho yake. Usikate zaidi ya theluthi: ukitaka sentimita 5, ingia zikiwa 7 na nusu. Kiangazi pandisha hadi 7, ardhi isikauke na visu visipige vumbi.

Vumbi linakula ile mbawa ya nyuma ya kisu, iliyokunjwa kwenda juu. Ikishakonda mpaka mwanya unaonekana kati yake na ukingo, kisu kitupe, usikinoe tena. Mbawa ikikatika, kipande chake kinaruka kama risasi. Ukinoa, lenga nyuzi 30, kisha tundika kisu kwenye msumari kwa tundu la kati. Upande unaoshuka ndio mzito, punguza huo.

Kusawazisha deki, jaza kwanza upepo tairi zote sawa na kitabu, ndipo upime. Ncha ya mbele ya kisu iwe chini kuliko ya nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Na chini ya deki kwangua kwa kijiti au spatula ya plastiki. Maji ya presha yanaingia kwenye beringi.

---

TrektaMbulu

Kwa kuwa namba 3 hujaitoa kabisa, kwa atakayeichukua: matrekta hayo ya Japani mengi hayana fremu ya kuzuia kubinuka, na PTO yake ina kasi zaidi ya moja. Fyekeo linataka mizunguko 540 kwa dakika, hakikisha gia iliyo sahihi. Pia jaribu hivi: likiwa linafyeka, kanyaga klachi. Kama trekta linaendelea kusukumwa mbele na uzito wa visu, PTO inategemea giaboksi, na lazima uongeze klachi ya kuzunguka upande mmoja kwenye shafti. Bila hiyo, ukifika kwenye ukingo wa korongo klachi haitakusimamisha.

Fremu ikiwepo, funga mkanda wa kiti. Kama haipo, mkanda usifungwe.