Jiji limeweka pampu na chemba kwenye kiwanja changu, mtu kavunjika mguu. Nalipa mimi?

KonaYaMwisho: Wakuu, usingizi sipati. Nina kiwanja kando ya barabara kuu, jiji silitaji. Mwaka jana mafundi wa jiji walipanda maua barabarani, wakaona pampu ya kuyamwagilia na chemba ya valvu, yaani shimo la koki za maji, zikae upande wangu. Hawakuniomba wala kuniandikia. Juzi usiku kijana wa bodaboda katumbukia chembani, mguu umevunjika. Ndugu zake wananidai milioni tatu eti kiwanja ni changu. Jiji wanasema niandike barua. Nishaurini.

Mama Tunu: Pole baba. Mgonjwa umeenda kumwona lakini? Watu siku hizi sheria mbele, utu nyuma.

Wakili wa Kijiweni: Mitambo ni ya jiji, kuifunika na kuitunza ni kazi ya jiji. Ukitaka kuwashtaki, hapa Tanzania tangu marekebisho ya sheria ya 2020 halmashauri inapewa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, kesi inakwenda Mahakama Kuu. Ila pima kiwanja kwanza. Sheria ya Barabara ya 2007 inachukua mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Usije ukawa unagombea ardhi ya barabara.

Njugu Mawe: Mjomba wangu aliwekewa nguzo ya simu shambani, akawa anafungia mbuzi. Walipokuja kuing'oa akawadai kodi ya miaka yote. Wakamuuliza, na mbuzi nao walikuwa wanalipa?

Otis wa Kisumu: Huku Kenya tuna sheria iitwayo Sura ya 34, inambana anayesimamia mahali, awe na hati au asiwe nayo. Kwa hivyo hiyo chemba ilikuwa mikononi mwa nani? Na kifuniko kilienda wapi?

KonaYaMwisho: Kifuniko kilikuwepo.

Otis wa Kisumu: Kilikuwepo lini? Jibu swali bana.

KonaYaMwisho: Haya, nilikitoa mimi. Jioni nachomeka mpira pale namwagilia mchicha. Maji yapite kwenye ardhi yangu yakanyweshe maua, mboga zangu zikauke? Na juu niliweka tawi, mwenye macho analiona. Jumamosi fundi anakuja kung'oa pampu yote, advansi ameshachukua.

Wakili wa Kijiweni: Mpigie fundi sasa hivi asije! Kuharibu mali ya umma ni jinai. Na kwa kifuniko hicho jiji litasema uzembe ni wako, mahakama inaweza kuwagawia lawama wote wawili. Toa mpira, funika chemba, kisha peleka barua jijini, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ndugu wa mgonjwa usiwaandikie lolote kabla ya kumwona wakili wa kweli, mimi ni wa kijiweni tu.

KonaYaMwisho: Kwa hiyo mchicha ufe?

Kunguru Mjanja: Chai hii. Jiji gani lina maji ya kumwagia maua? Huku kwetu bomba linatoa upepo. Na bodaboda anatumbukiaje peke yake, pikipiki ibaki juu?

Njugu Mawe: Labda alikuwa anachuma mboga.

Mama Tunu: Usiku huo?

Kunguru Mjanja: Weka picha ya chemba tuamini.

KonaYaMwisho: Picha siweki, mtaa mzima utanijua. Alishuka kujisaidia.

Kunguru Mjanja: Kwenye mchicha unaotuuzia?

KonaYaMwisho: Siuzi wote, mwingine tunakula.