Mjadala: Watoto wa Kigoma wapelekwe Dar kuangalia sanaa, au hela ifanye mengine?

Mleta mada

Habari zenu wana Kigoma, na majirani wa Tabora karibuni. Naleta hoja iliyotugawa kwenye kikao cha wazazi cha shule moja ya msingi hapa mjini. Shule siitaji, haina haja. Uongozi umependekeza darasa la sita wapande treni hadi Dar, waingie Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni pale mtaa wa Shaaban Robert, halafu wapite Nafasi Art Space, Mikocheni, wawaone wachoraji na wachongaji wakiwa kazini. Mchango ni laki na nusu kwa kila mtoto. Kikao kikachafuka. Wapo waliosema ni matembezi ya walimu kwa jasho la wazazi, na wapo waliosema watoto wetu wanamaliza shule mchoro pekee waliouona ni ule wa mfumo wa chakula.

Msimamo wangu nautoa mapema tusizungushane. Nataka watoto waone kazi za sanaa kwa macho yao, na nataka iwe sehemu ya masomo, si zawadi ya kumaliza mtihani. Lakini safari hii nimeipinga, kwa sababu ya ratiba zaidi ya umbali. Makumbusho saa moja na nusu, Nafasi dakika arobaini, kisha Kariakoo, kisha baharini. Kila mtoto na daftari lake anaandika anachosema mwongozaji. Ziara za masomo za namna hiyo tunazijua: foleni, daftari, soda, nyumbani.

Niwape mfano ulionifanya nishikilie hapo. Mwaka 2011 huko Marekani, katika mji mdogo wa Bentonville, jimbo la Arkansas, lilifunguliwa jumba la sanaa linaloitwa Crystal Bridges. Ni eneo lililo mbali na miji mikubwa, na watoto wengi wa huko walikuwa hawajawahi kuingia mahali pa namna hiyo. Shule zilizoomba kutembelea zilizidi nafasi, basi watafiti wa Chuo Kikuu cha Arkansas wakapiga kura ya bahati: hawa waende sasa, hawa wasubiri. Wanafunzi karibu 11,000 wa shule 123 wakaingia kwenye utafiti. Wiki kadhaa baadaye, waliokwenda walikuwa wanauchambua vizuri zaidi mchoro ambao hawajawahi kuuona, na walikuwa wepesi zaidi wa kufikiria maisha ya watu wa zamani na kuvumilia maoni wasiyoyapenda. Sasa sikieni linalotuhusu sisi: kwa watoto wa vijijini na wa shule za maskini, faida ilikuwa kubwa mara mbili hadi tatu.

Walifanyiwa nini? Saa moja, picha kama tano, basi. Wanakaa mbele ya picha moja, wanaulizwa wanaona nini, wanabishana. Picha mojawapo, ya Eastman Johnson, inaonyesha watu kambini wakichemsha utomvu mtamu wa miti, na habari yake ni kwamba waliopinga utumwa walitengeneza sukari hiyo ili wasinunue ya miwa iliyolimwa na watumwa. Asilimia 88 ya watoto walioiona picha hiyo waliikumbuka habari hiyo wiki kadhaa baadaye, na hapakuwa na mtihani wala daftari. Mtoto wa Ujiji, ambako misafara ya watumwa ilipita kweli, tunamkaririsha tarehe na zinapotea kabla hajafika kidato cha kwanza.

Haya, nichaneni.

Mzazi, Gungu

Ndugu mleta mada, utafiti wako ni mzuri ila kuna kipande umekiruka. Hao watoto wa Marekani basi lao alilipa nani?

Mleta mada

Jumba lenyewe. Basi, chakula cha mchana, hata walimu wa kushika vipindi shuleni wakati wenzao wako safarini.

Mzazi, Gungu

Asante. Basi tusiulinganishe na mchango wa laki na nusu. Mimi naishi kwa dagaa wa Kibirizi. Mwezi mkubwa ukitoka tunalala, taa hazivuti kitu. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 na nyumba zilizoishi kwa ziwa zikaishi kwa kukopa. Silalamikii kufungwa, samaki nao wanahitaji kuzaa. Nasema tu kwamba elimu bila ada ilitangazwa, lakini kila barua inayotoka shuleni ina neno "mchango" ndani yake. Na niambieni, nani atabaki? Atabaki mtoto wa mvuvi. Wenzake watarudi na picha za bahari kwenye simu, yeye atakaa darasani anasikiliza simulizi. Hiyo ndiyo sanaa mnayotaka kumfundisha?

Mwalimu wa msingi, Mwanga

Kwanza hilo la "matembezi ya walimu". Mwenye wivu aje achukue nafasi yangu. Reli kutoka hapa hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,250. Watoto 60 ndani ya behewa, wengine hawajawahi kulala nje ya nyumba ya mama yao, huyu anatapika, yule anataka kushuka Uvinza anunue chumvi. Mwalimu halali. Na moyoni unajua akipotea mmoja maisha yako yameisha. Mzazi anayekataa kwa woga simlaumu hata kidogo. Mei 2017 kule Karatu basi dogo liliua wanafunzi 32, walimu wawili na dereva, nao walikuwa wanaenda tu kufanya mtihani wa kujipima shule ya jirani.

Lakini upande wa pili mnisikilize pia. Mtaala mpya una somo la Sanaa na Michezo. Nafundisha mchanganyiko wa rangi kwa chaki nyeupe. Nimeshasema "nyekundu na njano hutoa rangi ya machungwa" mbele ya ubao mweusi hadi nikajionea aibu. Mtoto ananijibu kwenye mtihani, anapata vema, na hajawahi kuiona rangi moja ikiingia kwenye nyingine. Kwa hiyo mkisema "sanaa isubiri madawati kwanza", mjue kwamba tumeshasema hivyo miaka yote na madawati hayajaisha.

Kijana, Katubuka

Tingatinga alipelekwa jumba gani la sanaa na shule yake? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi ya kung'aa iliyokuwa inapakwa baiskeli, juu ya vipande vya ubao mgumu. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Kipaji hakipandi treni.

Fundi boti, Ujiji

Subirini SGR ifike Kigoma kwanza 😂

Mleta mada

Kijana wa Katubuka, hoja yako naipenda ila imeangukia upande wangu. Tingatinga aliuza picha zake Oysterbay, na wanunuzi wake wakubwa walikuwa wageni. Wao walikuwa wamezoea kuangalia picha na kulipia. Sisi tulipita palepale tukaona vibao vya rangi. Alikufa mwaka 1972, na kazi zake nyingi za mwanzo zimeishia ng'ambo. Sisemi safari ya shule itazaa wachoraji. Katika watoto 60, mchoraji pengine hata mmoja hatatoka. Nawafikiria hao wengine wanaobaki, watakaokuwa madiwani, wauza vitenge, wakuu wa shule. Siku mtu akiwaletea kazi nzuri, watajua kwamba ni nzuri?

Mwalimu mstaafu wa historia, Ujiji

Wanangu, mnahangaika na Dar ilhali makumbusho mnayo hapa, daladala moja tu. Pale Ujiji, mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, kuna miembe, kuna mnara, na ndani zipo sanamu mbili kubwa za wazungu hao wanaamkiana, kofia mkononi. Nimepeleka madarasa pale kwa miaka mingi. Nakiri watoto walifanya kama asemavyo mleta mada: walinakili vibao.

Ila baadaye nilianza kuwaacha wasimame mbele ya zile sanamu nawauliza: mnaona akina nani? Wanasema Stanley na Livingstone. Nani hayupo? Kimya. Halafu mmoja anasema, "Waliobeba mizigo, mwalimu." Hapo sasa ndipo ninapoingiza Susi na Chuma, waliokuwa na Livingstone alipofariki mwaka 1873, wakaukausha mwili wake, wakaubeba na wenzao hadi pwani, Bagamoyo, wakipitia huko Tabora. Hiyo ni sanamu ya kawaida kabisa, kama sanaa wala si nzuri sana, mimi mwenyewe nyuso zile hazinishawishi. Lakini imetoa somo. Laki na nusu ya nini?

Kutoka Tabora

Mwangaluka wote. Mzee wetu wa Ujiji shikamoo, kwa heshima zote nakupinga. Sisi Tabora tuna tembe la Kwihara, nalo ni la Livingstone huyohuyo. Kila tunapotaja sanaa tunaambiwa "mnayo Kwihara". Kwihara ni historia. Nyumba ya udongo, milango yake ya kuchongwa mizuri, ramani, barua. Ukimpeleka mtoto pale umempeleka kwa Livingstone, hujampeleka kwenye sanaa, na hata hiyo historia kitovu chake ni mgeni aliyepita. Tusiwape watoto cha karibu kisha tukaita ndicho walichokuwa wanastahili.

Niwaambie kinachoniuma. Kipo kiti cha enzi cha Kinyamwezi, mgongo mrefu, kimechongwa umbo la mtu mgongoni. Ni kati ya kazi za kuchonga zinazojulikana sana kutoka nchi hii. Kilichukuliwa enzi za Wajerumani na kipo Berlin. Mtoto wa shule wa Berlin anaweza kupelekwa na mwalimu wake asubuhi, akakaa sakafuni mbele yake, akaulizwa "unaona nini?", mchana akawa nyumbani. Mtoto wa Unyanyembe, ambaye babu wa babu yake pengine alimjua aliyekikalia, atakiona kwenye simu kama kuna bando. Kwa hiyo hoja ya umbali isemeni taratibu. Umbali huu kuna watu waliutengeneza.

Mzazi, Gungu

Hapo kwa kiti umenigusa. Lakini laki na nusu hiyo haikileti kiti.

Mwalimu mstaafu wa historia, Ujiji

Marahaba mwanangu wa Tabora. Sijasema Ujiji itoshe. Nimesema tuanzie pale mtoto ajifunze kuangalia, kwa sababu asiyejua kuangalia ukimpeleka Dar, au hata huko Berlin, ataangalia feni.

Mleta mada

Nimesoma wote. Tufanye hesabu basi, maana hesabu haijafanywa. Watoto 60 kwa laki na nusu ni milioni tisa. Kwa milioni tisa tunaweza kuwaleta Kigoma wachoraji wawili na mchongaji mmoja kwa treni hiyohiyo, na kazi zao zimefungwa vizuri, wakae wiki nzima kwenye ukumbi wowote hapa mjini, na nadhani chenji inabaki. Badala ya darasa la sita la shule moja, shule zinapokezana: kundi la watoto 30, saa moja, kazi tano. Mtoto wa mvuvi anakuja kwa miguu. Chaki nyeupe ya mwalimu wa Mwanga inapumzika, watoto wanaona rangi zinachanganywa. Kabla ya hapo mzee wa Ujiji anawafundisha walimu wenzake namna ya kuuliza na kunyamaza, maana kunyamaza ndiko kunakotushinda.

Mwalimu wa msingi, Mwanga

Ni wazo zuri, ila kuna kinachopotea na tukitaje. Kazi ikija kwenye ukumbi wa mji, wenye viti vya harusi pembeni, mtoto haingii mahali palipojengwa kwa ajili ya kuangalia. Dari refu, ukimya, taa juu ya kitu kimoja. Nilipoingia mara ya kwanza makumbusho pale Dar nilijikuta naongea kwa sauti ya chini na hakuna aliyeniambia. Hilo haliji kwa treni. Mimi bado ningependa watoto kumi kila mwaka, kwa kura ya bahati kama hao wa Arkansas, waende Dar kwa gharama ya wote, shilingi elfu mbili mbili.

Kutoka Tabora

Kura ya bahati ikichezeshwa na nani? Watashinda watoto wa kamati.

Mzazi, Gungu

😂 Na hayo ndiyo nilikuwa nasubiri mtu ayaseme. Mleta mada, kikao kinarudi Jumamosi. Mimi nitakuwepo. Elfu mbili natoa. Hao wachoraji waje nitawalisha migebuka. Lakini kwanza, kabla ya hiyo milioni tisa kuchangwa hata senti, nataka kujua itawekwa akaunti ya nani, na nani anatia saini.